Kofia ya Upande wa Kulia

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Balaa! Baba mkwe amekuja studio asubuhi, fimbo mkononi. Akakaa kwenye stuli ya wateja wa pasipoti, akageukia pazia langu la kupigia picha, lile la bonde la jangwani. Akalitazama muda mrefu, kichwa kikienda polepole kutoka pembe hii hadi ile. Siku hizi ndivyo anavyoona. Presha ya macho imemla pembeni kote, amebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kisha akasema daktari amemwambia hata hilo bomba huenda likaziba kabla ya mwaka kwisha. Akasema kabla halijaziba anataka kuliona lile bonde mara moja tena. Bonde lenyewe, si pazia. Na mimi ndiye nitakayempeleka, kwa kuwa naijua njia.

Naijua njia!

Niweke mambo wazi humu, maana humu hasomi mtu. Sijawahi kufika kwenye hilo bonde. Sijawahi hata kulikaribia. Nilipofungua studio, miaka ishirini iliyopita, duka la rangi lilinipa kalenda, na picha ya mwezi wa tatu ilikuwa hilo bonde na mawe yake ya ajabu. Nikaipiga picha kalenda. Nikatia negativu, yaani filamu ya picha hiyo, kwenye mashine ya kukuzia, nikaimulika kwenye shuka tatu zilizoshonwa pamoja, nikafuata mistari kwa penseli gizani, kisha nikapaka rangi. Pazia likatoka zuri mno: kushoto majabali matatu yamesimama wima, kulia jiwe refu jembamba lenye jiwe bapa kichwani, kama mtu aliyevaa kofia. Kalenda yenyewe iliishia kuwa jalada la daftari za watoto. Mteja wa kwanza akauliza kama nimewahi kufika huko. Brashi bado iko mkononi, rangi imenijaa hadi kwenye nyusi. Ningesemaje hapana?

Nilipokwenda kuposa ndipo nilipojua kwamba baba wa binti ni mpima ardhi, na kwamba ujanani alikaa jangwani miaka miwili akilipima bonde hilohilo. Kurudi nyuma haikuwezekana tena. Nikamwambia, kumbe sote tumelitembea! Akanitazama. Akanipa binti. Picha yetu ya harusi, tuliyopigwa mbele ya pazia, iko ukutani kwake sebuleni mpaka leo, juu ya redio.

Nimekwishapata la kufanya. Nitamwambia barabara imekatika kwa mvua.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Nimemwambia. Mzee akauliza mvua gani, kule hunyesha mara moja kwa miaka mitatu. Nikasema hiyo mara moja ndiyo hii. Mke wangu alikuwa akikunja nguo karibu yetu. Akageukia dirishani, mabega yakamtikisika. Nadhani alikuwa akimlilia baba yake.

Mzee akasema haidhuru, tutaondoka Jumamosi, mchanga utakuwa umekwishakunywa maji.

Jioni akaja shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni mwalimu wa udereva. Huyu ni mtu anayefunga mkanda hata akikaa kwenye kochi, au angefunga kama kochi lingekuwa nao. Akasema yeye alimkatalia Mzee tangu mwaka jana: umbali, joto, umri, dawa za macho zinazotakiwa kukaa pabaridi. Akasema hata dada yake alimkatalia, na jirani mwenye lori, na binamu yao. Watu wote wenye akili timamu walimkatalia, akasema, kisha akanitazama mimi. Lakini kama safari ipo, lazima naye aje, kwa kuwa uendeshaji wangu anaujua.

Nimejikaza. Nimecheka kama mtu asiye na neno moyoni. Shemeji ndani ya gari ni sawa na mtihani wa siku mbili. Nikipotea, atakuwepo. Na atasimulia hilo kwenye kila shughuli ya familia mpaka tuzeeke.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Siku ya aibu. Asubuhi na mapema nimefungua boneti ya Bibi Harusi nikachomoa waya mmoja wa plagi. (Bibi Harusi ndilo gari langu. Ni jeupe, hubeba maharusi siku za harusi, na alama za gundi ya maua hazijawahi kutoka.) Nikamwita mke wangu, nikawasha mbele yake. Gari likatetemeka na kukohoa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikasema sijui tutamwambiaje Mzee.

Mke wangu akampigia mdogo wake. Akaja, suruali imepigwa pasi. Akafungua boneti, akachomeka waya, akafunga boneti. Dakika mbili, na moja katika hizo alikuwa akitafuta kitambaa cha kufutia mikono. Akasema ajabu, waya huu hauchomoki wenyewe. Mke wangu akamkaribisha chai. Mimi nilikunywa iliyobaki.

Basi. Kama sina njia ya kukwepa, nitaijua njia. Mchana nimefunga studio nikakaa mbele ya pazia na kulisoma kama ramani. Kofia kulia, wale watatu kushoto, njia inapita katikati. Nikalipiga picha nzima niende nayo. Mashine ilikuwa bado imetegeshwa kwa kazi za pasipoti, kwa hiyo limetoka bonde saizi ya pasipoti, nane kwenye karatasi moja. Nimezikata zote. Moja kwenye mfuko wa shati, moja kwenye soksi, moja nyuma ya kibao cha kuzuia jua. Sita Mungu akipenda hazitahitajika. Nimehesabu tena, ni tano.

Jambo la mwisho. Shemeji alijigamba kwamba simu yake itatuonyesha njia hatua kwa hatua, hata kama mimi nimeisahau. Alisema hivyo huku mkoba wake wa safari uko wazi kwenye kiti. Chaja yake sasa iko kwenye droo ya studio, chini ya riboni za maharusi. Ramani iwe moja tu kwenye gari.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Tumeondoka alfajiri. Mzee mbele, shati jeupe, viatu vya ngozi alivyovipiga rangi mwenyewe kwa kupapasa, kimoja kikatoka cheusi na kimoja cha kahawia. Hakuna aliyemwambia. Shemeji nyuma. Kila nikikaribia kona nasikia mguu wake ukikanyaga sakafu, anatafuta breki ambayo haipo. Nimehesabu mara arobaini na mbili kabla ya kufungua kinywa.

Mzee haoni barabara, ila anajua tulipo. Kila baada ya muda ananiomba nimsomee kilometa kwenye dashibodi. Nikimsomea anasema: sasa kuna daraja. Na kweli, daraja. Sasa kuna kilima chekundu. Na kweli. Ameibeba nchi nzima kichwani miaka yote hii, na sisi nyumbani tunamsogezea kiti asijikwae.

Kituo cha mwisho cha mafuta tulifika alasiri. Mama wa pampu akauliza kama tuna mwenyeji. Shemeji akanisukumia mbele, akasema huyu hapa, alilitembea bonde lote ujanani, na ana pazia lake. Mama akasema basi hana haja ya kunieleza habari za njia panda. Nikasema hapana haja. Ulimi wangu ulisema peke yake, mimi nilikuwa nikimtazama kwa macho ya kuomba.

Tumelala nyumba ya wageni jirani na kituo. Baada ya kula, Mzee akanieleza kwa nini hasa anakuja. Nilidhani ni mandhari. Kumbe kuna bikoni, ile nguzo fupi ya zege ambayo wapimaji huisimika kuwekea alama. Aliisimika kwa mikono yake mwenyewe kwenye kilima kinachotazamana na lile jiwe la Kofia, akaandika tarehe kwa msumari zege likiwa bichi. Alikuwa hapo siku lori la maji lilipomletea barua kwamba amepata mtoto wa kike, mtoto wake wa kwanza. Barua ilichelewa siku nne. Wenzake walikuwa upande wa pili wa bonde. Hakuwa na mtu wa kumwambia, akaliambia lile jiwe. Akasema alisimama hapo akalipigia kelele mpaka sauti ikamkauka, naye hata jina la mtoto halijui.

Mtoto huyo ndiye mke wangu.

Akasema anataka kusimama palepale, mkono juu ya zege, aitazame Kofia. Mengine yote hayamshughulishi. Kisha akanitakia usiku mwema akalala mara moja, kwa amani, kama mtu aliyekabidhi mzigo wake kwa wakala anayeaminika. Mimi nimetoa ile pasipoti ya kwenye soksi. Imelowa jasho. Kofia bado iko kulia.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Nitaandika yote. Mkono unaniuma lakini nitaandika.

Saa tano asubuhi tukafika njia panda. Nguzo ya chuma, kibao chake kimeliwa na upepo, njia moja kulia na moja kushoto, hakuna hata mbuzi wa kumuuliza. Shemeji akawasha simu. Hakuna mtandao. Akauliza tunakata wapi. Nikachungulia picha chini ya usukani. Nikasema kulia, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa pale. Mzee akakohoa kidogo. Nikadhani ni vumbi.

Kilometa sita mbele Bibi Harusi akazama. Hakuzama kwa kishindo. Alikaa taratibu, kwa heshima zake zote, kama anavyokaa mlangoni pa sherehe. Nikakanyaga mafuta, akakaa zaidi. Mbele hapakuwa na Kofia wala majabali matatu. Palikuwa na mchanga, na nyuma ya mchanga, mchanga.

Shemeji alishuka, akazunguka gari na kulikagua kama anayekagua la mwanafunzi aliyefeli. Akasema atapanda kilimani kutafuta mtandao. Simu ilikuwa karibu kuzima, akatafuta chaja kwenye mkoba, akaumwaga mkoba wote kwenye kiti, akaapa kwamba aliitia kwa mikono yake. Sikuona sababu ya kusema lolote. Akaondoka, shati limemganda mgongoni.

Nilipobaki na Mzee, akashusha kioo cha mlango wake. Akaniuliza, bila haraka, kama nina picha ya lile pazia. Nikasema picha gani. Akasema ile ninayoichungulia tangu jana. Anaona kidogo, akasema, lakini anasikia karatasi.

Nikampa. Akaisogeza karibu na jicho, akaitembeza polepole. Kisha akanirudishia na kuniambia niishike mbele ya kioo cha pembeni cha gari, uso wa picha uelekee kioo. Nikafanya hivyo. Akainama akatazama ndani ya kioo.

“Sasa ndilo lenyewe,” akasema.

Nami nikainama. Ndani ya kioo Kofia ilikuwa kushoto. Wale watatu walikuwa kulia. Nilibaki na picha mkononi, huku kichwani mwangu mashine ya kukuzia ikiwaka tena baada ya miaka ishirini. Niliweka negativu kinyumenyume! Kushoto ikawa kulia, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na gizani nikafuata mistari yote ya uongo kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya harusi. Alipoletewa ile picha akaitundika, akakaa kuitazama, akaona Kofia imesimama upande wa kulia wa picha, nyuma ya binti yake, wakati njia ya kuingilia bondeni huiweka kushoto, na ndiyo njia pekee iliyopo. Mtu aliyefika hawezi kukosea hapo, akasema. Ni sawa na kukosea mlango wa nyumba yako.

Miaka kumi na tisa! Ameamka kila siku, akanywa chai yake chini ya uongo wangu, na kila nilipomtembelea akanikaribisha kwa mikono miwili. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alimwambia binti yake. Binti akajibu kwamba anajua, alijua kabla hata ya posa, lakini akikaa na mimi anacheka. Mzee akaona hiyo ni sababu ya kutosha.

Nikauliza, na njia panda je? Akasema alikohoa. Zaidi ya hapo ingekuwa kuniaibisha mbele ya shemeji yangu.

Nikachora mchanga kwa kidole, sikujua pa kuangalia. Nikamwuliza basi kwa nini mimi, kama alijua sijui njia.

Hapo akacheka. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

“Mwanangu, wote wanaosema kweli walinikatalia. Walinipa sababu, na sababu zao zilikuwa za kweli. Wewe tu ndiye usingeweza kukataa. Ungekataaje, na ulishafika?”

Nimeitafakari kauli hiyo kutwa nzima na sijui kama nilitukanwa au nilishukuriwa. Nahisi vyote viwili.

Kisha akageuka kuwa bosi wa kazi. Niteremshe upepo kwenye matairi, mpaka yabonyee. Nichimbe nyuma ya magurudumu kwa bakuli. Nitandike mazulia ya gari chini. Niweke gia ya nyuma, mguu mwepesi, nisipigane na mchanga. Shemeji aliporudi, bila mtandao, bila simu maana ilizima, alikuta gari liko huru. Akauliza nani kafanya. Mzee akasema: “Mwenyeji.”

Tukarudi njia panda, tukakata kushoto. Saa kumi jioni tukafika.

Nimewapiga watu picha mbele ya bonde hili miaka ishirini. Maharusi, mapacha, mwalimu mkuu na kikombe cha michezo. Sikuwahi kujiuliza lina sauti gani. Halina. Ukizima gari unasikia damu yako masikioni. Mawe ni makubwa kuliko nilivyoyapaka, na rangi yake sikuikaribia. Mimi nilitumia kahawia ya milango, na kule kuna wekundu unaobadilika ukiuangalia. Nilijiona mdogo na nilijionea haya, na wakati huohuo, sijui kwa nini, nilifurahi sana.

Shemeji alibaki chini kuligeuza gari kwa hatua tatu kama kitabu kinavyosema. Mimi nikamshika Mzee mkono tukapanda kilima. Alihesabu hatua. Alipofika mia na kumi akainyoosha fimbo, ikagonga zege. Bikoni! Akapiga magoti, akapapasa juu yake kwa vidole vyote, akaipata ile tarehe. Alikaa hivyo kidogo. Mimi nilikuwa nimekwishatazama mbele.

Kofia haikuwepo.

Jiwe refu lilikuwepo, limesimama, kichwa wazi. Lile bapa limeanguka, liko chini ya miguu yake. Si jana wala juzi, maana upepo umekwisha kulilainisha sehemu lilipovunjikia.

Mzee akasimama, akaweka mkono wa kushoto juu ya zege, akaniomba nimwelekeze uso, kwa kuwa bomba lake ni jembamba na bonde ni pana. Akasema nifanye kama ninavyofanya studio. Nikamshika kidevu kwa vidole viwili. Kidevu hicho kimezeeka. Na hapohapo, upande wa kulia wa Kofia, nikaona jiwe jingine, dogo, na juu yake kijiwe bapa. Kofia kabisa! Ndogo, lakini kwa mbali nani angejua? Sikufikiri hata nusu dakika. Nilimtazama mtu aliyesafiri siku mbili kwa viatu vya rangi mbili, nikasema moyoni hawezi kuja mpaka huku kuoneshwa nguzo tupu. Kidevu juu kidogo, nikamwambia. Kulia kidogo. Hapohapo, usitingishike.

Akatazama. Nikaanza kumweleza jinsi jua lilivyoipiga kofia ubavuni.

“Hilo,” akasema, “tuliliita Kikofia. Nirudishe kushoto, nyuzi kumi na mbili.”

Nikamrudisha. Akatazama tena. Niliona jicho lake likipanda juu ya jiwe, likifika mwisho, likitafuta, likishuka, likipanda tena.

Akaniuliza kama limeanguka. Nikasema ndiyo, Baba.

Akaniuliza liko wapi. Nikamwambia liko chini, upande wa kushoto wa jiwe. Akasema nimwambie vilivyo, kama lilivyo, nisimpambie. Nikamwambia limelala kichwa chini, kama sufuria. Ndani yake upepo umejaza mchanga, na katikati ya mchanga kumeota kichaka kidogo, chenye majani machache ya kijivu. Akauliza majani mangapi. Nikahesabu yale niliyoyaona kwa macho yangu na kumwambia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nimetaja hesabu bila kuiongezea.

Alilia kidogo. Sikumwachia kidevu. Kisha akasema afadhali amekuja, maana angekufa akiamini lina kofia. Akasema pia kwamba siku ile ya barua jiwe lilionekana limevaa kofia kwa heshima ya mtoto, na leo limeivua, na yote mawili anayaona ni sawa. Tukakaa pale mpaka jua likashuka nyuma ya wale watatu. Walikuwa kulia.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Safari ya kurudi. Shemeji ameendesha. Kwa mara ya kwanza nimegundua kwamba mguu wangu nao hutafuta breki.

Njia nzima nimekuwa nikifikiri. Nimeamua. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Nitafika nyumbani nimkalishe mke wangu kitako, nimwambie yote: kalenda, negativu, mvua, waya wa plagi, chaja. Anayajua, lakini hajayasikia kutoka kwangu, na nadhani hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Nilifanya mazoezi ya maneno kimyakimya kwa kilometa mia mbili. Mzee, mbele, aliniambia bila kugeuka kwamba ninachezesha midomo.

Tumefika jioni. Mke wangu akampokea baba yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwuliza kama ameiona. Mzee akasema ameiona vizuri sana. Kisha mke wangu akanigeukia mimi. Akauliza, na wewe, safari ilikuwaje?

Nikavuta pumzi. Nikasema palikuwa na dhoruba ya mchanga.

Sijui ilitoka wapi. Nikasema dhoruba ilitukuta njia panda, giza la mchana kweupe, nikalazimika kuongoza kwa kunusa. Akageukia dirishani. Mabega yakamtikisika. Safari hii sikudhani analia. Nikaongeza upepo kidogo, ili atikisike zaidi.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Hata hivyo nimeanza kutengeneza pazia. Hilo nimemwahidi Mzee. Kofia nimeihamishia kushoto, wale watatu kulia, na lile jiwe bapa nimelishusha chini na kichaka chake ndani. Nimechanganya wekundu mara sita na bado sijaupata. Mzee huja kila asubuhi, hukaa kwenye stuli, hulisogelea pazia mpaka pua iguse, hunirekebisha. Nyuzi mbili zaidi. Kivuli kifupi. Jana aliniambia jicho la kulia limeanza kuingiwa na ukungu hata pale katikati. Alisema hivyo kama anayenisomea kilometa.

Leo saa nne akaingia mteja, mama wa duka la vitambaa, picha za pasipoti. Akaliona pazia bichi, akauliza hilo jiwe lililolala chini ni nini. Nikamwambia ilikuwa kofia, ikaanguka. Akauliza nimejuaje.

Ningeweza kusema niliikuta hivyo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mafupi na safi. Brashi ilikuwa mkononi.

Nikasema nilikuwepo. Nikasema nilisimama karibu kama mimi na ile stuli, nikasikia mlio kwanza, kisha ardhi ikaruka, kiatu kimoja kikanitoka mguuni na sijakiona mpaka leo. Mama akashika kifua. Nikamtazama Mzee kwa hofu. Alikuwa ametulia, mikono juu ya fimbo, hapepesi macho.

“Hata mimi nilisikia mshindo,” akasema.

Mama akasema makubwa! Kisha, sijui kwa nini, akaelekeza kidole kwenye pazia langu la pili, lile la maporomoko ya maji, akauliza kama na huko nimefika.

Nikasema mara mbili.

Mzee akageuza kichwa polepole, pole kabisa, mpaka maporomoko yakaingia kwenye bomba lake. Akayatazama kutoka juu hadi chini. Akasema yeye, katika kazi zake zote, huko hakuwahi kutumwa. Akasema angependa kuyaona kabla ya mwaka kwisha. Na kwa kuwa naijua njia, tuondoke Jumamosi.

Shemeji amekwishasikia. Naye anakuja. Chaja yake bado iko kwenye droo, nimeona bora ipumzike palepale. Pazia la maporomoko nimelipiga picha, limetoka saizi ya pasipoti, nane. Safari hii sitaki mchezo. Maji yanaangukia upande wa kulia. Nimehakikisha kwenye pazia.